Kutoka Unyoya hadi Kitambaa: Mwongozo wa Kupiga Picha za Mitindo kwa Rangi za Ndege wa Porini

Kwezi maridadi haogopi watu. Utamkuta kwenye bustani za Naivasha na kwenye vituo vya mapumziko vya Serengeti, akiokota makombo miguuni mwa wageni, na huhitaji lenzi ya bei kubwa kumtazama kwa karibu. Kichwa cheusi, mgongo na kidari cha bluu inayogeukageuka kuwa kijani, mstari mwembamba mweupe, kisha tumbo la rangi ya kutu. Wengi humwona, wakaenda dukani wakanunua kitambaa cha bluu na cha chungwa, wakashona nusu kwa nusu, na picha ikatoka kama ya sare ya shule. Rangi wamezipata, lakini wameacha mambo matatu yanayompa kwezi uzuri wake: kiasi cha kila rangi, mahali pake mwilini, na namna inavyoupokea mwanga. Mwongozo huu unayafuata hayo matatu tangu kumchagua ndege hadi kuikamilisha picha.

Kwanza: chagua ndege mmoja, umjue

Picha moja, ndege mmoja. Mwanamitindo aliyevaa waridi la heroe juu na samawati ya mdiria chini hasomeki kuwa ndege yeyote.

Ukishachagua, mtazame ndege mwenyewe akiwa hai ikiwezekana, asubuhi moja nzima. Andika rangi iliyotawala, rangi iliyo doa tu, sehemu inayong'aa na sehemu iliyofifia, na hasa rangi inayoonekana pale tu anaporuka. Ukitegemea picha za wengine, tazama nyingi, maana ndege yule yule akipigwa juani na kivulini huonekana kama wawili. Hakikisha pia jina. Kwezi wa Hildebrandt anafanana mno na kwezi maridadi, lakini hana mstari mweupe kifuani na jicho lake ni jekundu, wakati la mwenzake ni jeupe la krimu. Ukiwachanganya, mtu anayewajua ndege ataona mara moja.

Usikimbilie wenye rangi kali tu. Dume wa kweche wakati wa kuzaliana ni mwekundu na mweusi, kila mtu anamwona, lakini jike wake mwenye michirizi ya kahawia, kaki na krimu hukupa vazi la kitani ambalo juu ya ngozi nyeusi linapendeza kuliko wekundu wowote. Nampigia debe jike huyo kila ninapopata nafasi.

Pili: pima kiasi cha kila rangi

Hapa ndipo kazi ilipo, tena inafanyika kwa karatasi na penseli. Chukua picha ya ndege akiwa ametulia, ichore juu yake miraba midogo sawasawa, kumi kwa kumi, kisha hesabu miraba iliyoangukia kila rangi ya mwili wake. Sasa unajua kama ile rangi iliyokuvutia ni nusu ya ndege au ni robo ya kiganja tu. Mara nyingi iliyokuvutia ndiyo iliyo kidogo zaidi, na ndiyo maana ilikuvutia.

Mchukue kwezi maridadi, umsome kwa mbele kutoka juu kwenda chini. Kichwa cheusi: hicho ni kilemba, au mtandio kwa anayejisitiri. Kidari cha bluu-kijani: blauzi ya satini yenye shingo ya juu. Mstari mweupe: mkanda wa upana wa vidole viwili, nao usikae kiunoni. Kwa ndege mstari uko kifuani, kwa hiyo ufunge chini kidogo ya matiti, ndipo mwili urefuke na sketi ipate nafasi. Chini ya mstari yote ni rangi ya kutu: sketi ndefu ya kitambaa kisichong'aa. Chini ya mkia wake kuna weupe tena, basi mwambie fundi aweke bitana nyeupe kwenye pindo, ionekane mwanamitindo anapopiga hatua. Lile jicho la krimu ni hereni ndogo za shanga nyeupe, moja kila sikio, na zisizidi hapo.

Kambu mwenye kifua cha urujuani ni mgumu zaidi, kwa sababu rangi zake ni nyingi na kila mtu anazitaka zote. Koo na kifua ni urujuani, tumbo ni feruzi, mabawa yanapofunguka hutoa bluu nzito inayoshtua. Rangi inayoziunganisha zote ni ile ambayo watu huitupa: mgongo wake wa kahawia. Mvalishe mwanamitindo koti jepesi la kahawia juu ya gauni la feruzi, urujuani ukae kifuani, na ile bluu nzito iwe ndani ya mikono mipana ya koti. Mikono ikishuka, bluu imejificha. Ikiinuka, ndege ameruka.

Shorobo hutumia ujanja huo huo. Yule wa Hartlaub, anayeonekana misitu ya Karura mjini Nairobi na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akikaa mtini ni wa kijani na bluu iliyokolea. Akiruka tu, mabawa yanafunguka na wekundu wa damu ya mzee unaonekana. Wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba, inayopatikana kwenye manyoya ya jamaa ya shorobo peke yao. Kwa mpiga picha hii ni zawadi: koti la kijani lenye bitana ya damu ya mzee. Piga moja koti likiwa limefungwa, nyingine anapoligeuza bega, uziweke pamoja.

Kwa wanaume sijaona ndege aliye tayari kuliko ndege karani. Mwili wa kijivu, mapaja meusi yanayoishia magotini mithili ya suruali fupi, uso wa chungwa, na manyoya marefu ya kisogoni yenye ncha nyeusi. Koti la kijivu hafifu, suruali nyeusi iliyokatwa vizuri, na kitambaa cha mfukoni cha chungwa. Hiyo chungwa isiende kwenye tai na soksi pia, maana kwa ndege iko usoni tu.

Korongo taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, huwapoteza wengi kwa sababu ya taji lake. Wanamtengenezea mwanamitindo taji la majani makavu, na vazi linakuwa igizo la jukwaani. Anza na kijivu chake, ambacho ndicho kingi. Ongeza weupe wa mabawa, kipande kidogo chekundu shingoni, na dhahabu uiache kwenye vito au kwenye nywele zilizosukwa kwa uzi wa dhahabu.

Tatu: tafuta kitambaa kinachopokea mwanga kama unyoya

Bluu ya kwezi haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Ndani yake kuna chembe za melanini zilizopangwa kwa tabaka nyembamba sana, na tabaka hizo hurudisha baadhi tu ya rangi za mwanga. Ukibadilisha pembe ya kutazama, rangi inabadilika. Bluu ya kambu nayo haina rangi ndani yake, ila imetokana na matundu madogo mno ya hewa yanayotawanya mwanga, na yenyewe inabaki ile ile ukiitazama kutoka upande wowote. Waridi la heroe ni jambo jingine kabisa: ni rangi halisi anayoipata kwenye chakula, ule mwani na vijidudu vya maji ya magadi ya maziwa kama Natron, Nakuru na Bogoria.

Faida yake ukiwa dukani ni hii. Kwa kwezi na chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, nunua kinachobadilika: satini nzito, au tafeta iliyofumwa mtande wa rangi moja na mshindio wa rangi nyingine, mathalani bluu na kijani. Ikunje mkononi, uigeuze polepole. Ikibaki rangi moja, iache. Kwa kambu nunua kisichong'aa kabisa: pamba, krepu, kitani. Satini ya feruzi itakuharibia kambu hata kama rangi ni sahihi. Kwa heroe, shifoni ya tabaka tatu, nyepesi juu na iliyokolea chini, kwa sababu waridi lake limefifia mwilini na kukolea kwenye mabawa. Kwa ndege wenye weusi mzito, kama kweche dume, mahameli humeza mwanga vizuri.

Kariakoo, Darajani, Barabara ya Biashara ya Mombasa, Eastleigh: kote vitambaa hivi vinapatikana, na kote taa za ndani hudanganya. Mwombe muuzaji akukatie kipande kidogo, au utoke na jora hadi mlangoni. Kitazame juani, kisha kivulini, ukipige picha kwa simu mara zote mbili. Bluu mbili zinazolingana chini ya taa ya duka zinaweza kuachana kabisa nje. Kisha geuza picha ya ndege na picha ya vitambaa ziwe nyeusi na nyeupe, uzilinganishe. Kama kwa ndege tumbo ni jepesi kuliko kifua, na kwako sketi ni nzito kuliko blauzi, umekosea kitambaa hata kama jina la rangi ni lile lile.

Mitumba usiisahau. Makoti ya kijivu na ya kahawia ya kitambaa kizuri yamejaa Gikomba na Karume, na fundi cherehani mwenye mkono mzuri atayapunguza yakukae.

Manyoya halisi

Acha manyoya ya ndege wa porini. Usiyavae, usiyanunue, usiyaokote kwenda kupambia. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013 zinazihesabu sehemu za mwili wa mnyamapori kuwa nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Lakini hata sheria isingekuwepo, historia inatosha. Mwishoni mwa karne ya 19 mitindo ya kofia za wanawake Ulaya na Marekani ilifanya yangeyange wauawe kwa wingi mno, tena wakati wa kuzaliana, kwa kuwa ndipo wanapoota yale manyoya marefu mororo. Makinda yalibaki kwenye viota bila mzazi. Wanawake ndio waliosimama: mwaka 1889 huko Uingereza Emily Williamson alianzisha chama cha wanaokataa kuvaa manyoya, chama kilichokua kikawa RSPB ya leo, shirika la Uingereza la kulinda ndege, na mwaka 1921 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuzuia manyoya kuingizwa. Kazi yetu ya kuchukua rangi peke yake inaweza kufanyika bila ndege hata mmoja kuguswa, na mimi naiona hiyo kuwa heshima yake kubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo usimkodishe ndege hai wa kushikwa mkononi. Korongo taji yuko kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, na kukamatwa porini kwenda kufugwa ni moja ya sababu. Ukihitaji unyoya kwa lazima, kanga wa kufugwa na jogoo wa nyumbani wanatosha.

Nne: rangi inaporudi usoni

Nguo iliyo karibu na uso hutupa rangi yake chini ya kidevu. Kijani cha shorobo hufanya shingo ionekane ya mgonjwa. Chungwa na nyekundu huongeza joto, na juu ya ngozi nyeusi mara nyingi hupendeza. Kabla ya kupiga, mwambie mwanamitindo ashushe kidevu kidogo, utazame kivuli cha chini ya taya. Ikiwa kijani kimepanda, weka kitu cheupe katikati: shanga, ukosi mweupe, au shikilia karatasi nyeupe nje kidogo ya picha, chini ya kifua.

Vipodozi viwe vichache. Vazi likishabeba rangi nne, uso ubaki wa mtu. Usimkubalie mpambaji amchoree mdomo wa ndege.

Tano: mahali

Tazama ndege anakaa mbele ya nini. Kambu hukaa juu ya tawi kavu, nyuma yake mbingu tupu. Heroe ana maji ya kijivu na upeo uliofifia. Mdiria ana matete na kivuli. Ukimweka kambu wako mbele ya ukuta wa maua, rangi zake zinazama. Huhitaji kwenda mbali: ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, ufuko wakati maji yametoka, kiwanja cha nyasi kavu nje ya Dodoma. Omba ruhusa ya mwenye ukuta. Ndani ya hifadhi za taifa upigaji picha wa biashara una vibali na ada zake, kwa hiyo uliza wiki kadhaa kabla, na usisogelee mahali ndege wanapotagia ili tu kupata mandhari.

Sita: mwanga na kamera

Karibu na Ikweta jua hupanda haraka. Asubuhi una kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu, jioni kuanzia saa 11 hadi jua linapozama. Katikati ya hapo jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi. Ukilazimika kufanya kazi saa hizo, ingia barazani au chini ya mwembe mkubwa, mwanamitindo akiutazama upande ulio wazi.

Vitambaa vinavyobadilika vinataka mwanga wa pembeni. Msimamishe mwanamitindo jua likiwa ubavuni, kisha mwambie ageuke polepole, kidogo kidogo, nawe uangalie satini, si uso. Kuna pembe moja ambapo bluu inafunguka kuwa kijani. Ukiipata, mwambie asimame hapo, ageuze uso peke yake. Vitambaa visivyong'aa, kinyume chake, hupendeza kwenye kivuli cha wazi au siku ya mawingu, maana jua kali huvipausha.

Kamera uiendeshe mwenyewe. Mizani ya weupe (white balance, namna kamera inavyoamua nyeupe ni ipi) ikiachwa ijiamulie, kitambaa kikubwa cha chungwa huifanya iongeze bluu, na ngozi inakuwa ya majivu. Ifunge kwenye jua, karibu 5200 hadi 5500 K, na upige picha moja ya kwanza mwanamitindo akiwa ameshika kadi ya kijivu. Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Kwa picha ya uso na kifua, lenzi ya mm 85 kwenye f/2.8 hadi f/4. Kwa mwili mzima, mm 50 ukisimama mbali, f/5.6, ili kitambaa chote kiwe kwenye fokasi. Kasi ya 1/250 inatosha kwa aliyesimama, lakini koti linalopeperuka linataka 1/800 au zaidi.

Nyekundu na waridi ni za kuchunga. Kamera inaweza kukuonyesha kuwa mwanga uko sawa wakati nyekundu imeshajaa na mikunjo yote ya nguo imepotea. Fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, utazame ile ya nyekundu; ikigonga ukuta wa kulia, punguza mwanga kwa theluthi moja hadi mbili za hatua moja ya mwanga (stop). Kwa mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nyeupe, pima mwanga usoni, kisha hakikisha weupe haujaungua. Usimulike ngozi hadi ibadilike. Mng'ao wa ngozi nyeusi hutokana na kitu cheupe kikubwa kinachoakisi kutoka pembeni, hata shuka lililotandazwa kwenye kamba.

Kwa simu: gusa uso kwenye kioo, ushikilie hadi fokasi na mwanga vifunge, kisha teremsha mwanga kidogo. Tumia lenzi ya kuvuta mara 2 badala ya kusogea karibu. Mtindo wa simu wa kufifisha nyuma hukata vibaya kingo za shifoni na nywele, kwa hiyo uzime na utafute ukuta ulio mbali.

Saba: mkao

Chukua tabia moja ya ndege, iliyo ndogo. Mdiria hutulia kabisa akitazama chini majini: basi macho chini, mabega yametulia. Karani hutembea kwa hatua ndefu, kifua mbele: mwambie bwana atembee kuelekea kwako kutoka mbali, apige hatua kubwa kuliko kawaida yake. Korongo huinama na kuruka anapocheza. Mwambie mwanamitindo ainame kisha ainuke, nawe upige anapoinuka. Kupiga mikono kama mabawa acha.

Kwa picha za kundi, dada wa bwana harusi, wasimamizi, ndugu, mfuate keremkerem mdogo. Wakati wa kulala hujipanga kadhaa kwenye tawi moja, wamebanana bega kwa bega, wote wametazama upande mmoja. Waketishe watu kwenye ukuta mfupi au ngalawa iliyopinduliwa, wabane hadi kusiwe na nafasi, kila mmoja avae rangi zile zile kwa viwango tofauti: mmoja kijani kingi, mwingine njano nyingi, na mstari mweusi wa jicho uwe wanja.

Nane: kuhariri na kuweka hadharani

Anza na ile picha ya kadi ya kijivu, sahihisha mizani, uinakili kwa zote. Usiongeze ukolevu wa rangi zote kwa pamoja, kwa kuwa ngozi itageuka chungwa kabla bluu haijatosha. Gusa rangi moja moja, na kila mara rudi kuitazama ngozi ya shingo na ya mikono kama bado zinafanana na uso. Ikiwa bluu ya satini haikufunguka wakati wa kupiga, kompyuta haitaifungua. Rudia kupiga.

Ukitaka kumweka ndege kando ya picha yako, tumia uliyempiga mwenyewe, au mwombe ruhusa aliyempiga na uandike jina lake. Kata picha zote mbili kwa umbo moja, na ndege atazame ndani, kuelekea kwa mtu. Kwa mtandaoni hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi, la sivyo feruzi na urujuani zitapauka kwenye simu za watu. Za kuchapa, toa kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi ile ile, kwa sababu bluu-kijani ya kwezi ndiyo ya kwanza kufa kwenye wino. Chini ya picha andika jina la ndege, mahali anapoonekana, jina la fundi aliyeshona, na jina la mwanamitindo akiridhia.